Picha Yenye Kina na Mtoto Aonaye Karatasi

Katika vitabu vingi vya shule za msingi imo picha ya aina moja. Chini ya ukurasa kuna barabara pana, nayo huzidi kuwa nyembamba kadiri inavyopanda, hata ikaishia kwenye nukta. Kando yake zimesimama nguzo za simu, ndefu mbele na fupi nyuma. Mtu mmoja amechorwa mkubwa, na nyumba imechorwa ndogo kuliko mkono wake. Mwalimu huinua kitabu na kuuliza: "Kipi kiko mbali?" Baadhi ya watoto hujibu kwamba nyumba iko mbali. Wengine hujibu kwamba nyumba ni ndogo, tena iko juu. Hawa wa pili huambiwa kwamba wamekosa, na mara nyingine huambiwa maneno mazito zaidi ya hayo.

Maoni yetu ni kwamba watoto hawa wa pili hawana kasoro ya macho wala ya akili. Wameieleza karatasi kama ilivyo: nyumba iliyochorwa humo kweli ni ndogo, na kweli iko juu. Walilokosa ni kufundishwa mapatano ambayo kwayo udogo na kupanda juu ya ukurasa husomwa kuwa ni umbali. Mapatano hayo yana kanuni zake, historia yake na mipaka yake. Mwalimu asiyeyajua hawezi kuyafundisha, naye asiyeyafundisha hana haki ya kuyasahihisha. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulizungumza jambo hili mbele ya wanachuo ambao karibuni watakabidhiwa madarasa.

Jicho, kioo na nguzo tatu

Tuanze na kanuni yenyewe. Tuchukue nguzo tatu, kila moja ina urefu wa meta 4, zimesimamishwa kando ya barabara iliyonyooka. Ya kwanza iko meta 10 kutoka kwa mtazamaji, ya pili meta 20, na ya tatu meta 40. Mtazamaji afumbe jicho moja, na mbele ya jicho lililo wazi, umbali wa sentimeta 50, pawekwe kioo cha dirisha. Akifuatisha kwa kalamu juu ya kioo kile anachokiona, nguzo ya kwanza itachukua sentimeta 20, ya pili sentimeta 10, na ya tatu sentimeta 5.

Sababu yake ni jambo ambalo kila mwanachuo amelisoma katika hisabati, yaani pembetatu zinazofanana. Nuru hutoka kwenye ncha ya nguzo na kwenye kitako chake, ikaja mpaka jichoni kwa mistari miwili iliyonyooka. Kioo huikata mistari hiyo njiani. Umbali ukizidi mara mbili, urefu juu ya kioo hupungua kwa nusu. Umbali ukizidi mara nne, urefu hubaki robo.

Na barabara je? Ikiwa upana wake ni meta 6, basi juu ya kioo itaonekana sentimeta 30 mahali palipo meta 10 kutoka kwetu, sentimeta 3 palipo meta 100, na milimeta 3 tu palipo kilometa moja. Kingo mbili za barabara, ambazo kwa kweli ni sambamba na hazikutani kamwe, juu ya kioo zinaelekeana kwenye nukta moja. Nukta hiyo twaweza kuiita nukta ya kutoweka, nayo iko kwenye mstari ulio sawa na kimo cha jicho la mtazamaji, yaani upeo wa macho.

Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hawaliangalii. Ardhi tambarare, kadiri inavyokwenda mbali, huonekana juu ya kioo ikipanda kuelekea upeo wa macho. Kwa hiyo kitu cha mbali kilichosimama juu ya ardhi huchorwa kitako chake kikiwa juu zaidi katika ukurasa. Mtoto aliyesema "nyumba iko juu" ametaja nusu ya kanuni bila kuambiwa na mtu. Mwalimu mwenye busara angelishika jibu hilo na kuendelea nalo.

Kanuni ilikotoka

Uchoraji huu, ambao katika makala haya twauita uchoraji wa mtazamo, haukuzaliwa pamoja na binadamu. Watu wamechora kwa maelfu ya miaka bila kuutumia. Msingi wake wa elimu ya nuru uliwekwa kwa sehemu kubwa na Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Kairo mnamo mwaka 1040. Katika kitabu chake cha elimu ya kuona, alieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu ikaja machoni, na siyo kwa sababu macho hutoa miale ya kwenda kuvigusa vitu, kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya.

Katika robo ya kwanza ya karne ya 15, mjini Florence, Italia, fundi na msanifu majengo Filippo Brunelleschi alifanya onyesho lililopata sifa kubwa. Alichora juu ya ubao mdogo jengo la ubatizo la mji huo, kama lilivyoonekana kwa mtu aliyesimama karibu na mlango wa kanisa kuu. Kisha akatoboa tundu katika ubao. Mtazamaji alitakiwa ashike ubao akiwa nyuma yake, aweke jicho moja kwenye tundu, na kwa mkono wa pili ashike kioo cha kujitazamia mbele ya picha. Hivyo aliiona picha ndani ya kioo. Mahali pa mbingu Brunelleschi hakupaka rangi. Alipaka fedha iliyosuguliwa ikang'aa, ili mawingu ya kweli yaonekane humo yakipita. Habari hizi twazipata kwa Antonio Manetti, aliyeandika maisha yake.

Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliandika kanuni hizo katika kitabu juu ya uchoraji. Aliufananisha ubao wa mchoraji na dirisha lililo wazi ambalo kwalo twakitazama kile kinachochorwa. Kabla ya hapo, mnamo mwaka 1427, kijana Masaccio alikuwa amekwisha kuchora Utatu Mtakatifu katika ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, mjini humo humo. Juu ya ukuta usio na kina chochote, alichora dari la duara lenye miraba inayopungua ukubwa kwa hesabu, hata ukuta ukaonekana kama umetobolewa na kuingia chumba kingine. Baadaye, kati ya mwaka 1495 na 1498, Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho mjini Milan. Mistari ya dari na kuta yote huelekea penye kichwa cha Yesu, hivyo jicho la mtazamaji huongozwa hapo hata asipopenda.

Tumeieleza historia hii ili mwanachuo aone kwamba hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Iliwabidi mafundi hodari watumie hesabu, vioo, na miaka mingi ya majaribio ili kupata kile ambacho sisi twakitaka kwa mtoto wa miaka minane kwa swali moja la haraka.

Kiinimacho na masharti yake

Turudi kwenye ule ubao wa Brunelleschi. Kwa nini alitoboa tundu? Kwa nini hakuutundika tu ukutani, watu wautazame? Jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Tundu lilimlazimisha mtazamaji atumie jicho moja, aliweke mahali pale pale aliposimama mchoraji, na asilisogeze. Hayo ndiyo masharti matatu ya kiinimacho hiki. Yakivunjwa, hila hupungua nguvu.

Mtoto darasani huyavunja yote matatu. Hutazama kwa macho mawili. Na kwa kuwa kila jicho huona kutoka mahali tofauti kidogo, akili hulinganisha taarifa zao na kutambua kwamba karatasi ni bapa. Husogeza kichwa, na katika picha hakuna kitu kinachosogea mbele ya kingine, kama inavyokuwa tunapotembea kati ya miti. Tena huona mng'ao wa karatasi, mikunjo yake na alama za vidole. Ushahidi wote huo wasema: hapa hakuna kina. Upande wa pili imo mistari michache ya wino inayosema: kina kipo. Aliyezoea picha husikiliza mistari na kuupuuza ushahidi mwingine. Asiyezoea huuamini ushahidi ulio mwingi. Je, ni haki kumwita huyu wa pili mjinga?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 1960, mtafiti William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Aliwaonyesha watu picha za mistari: mwindaji ameinua mkuki, swala yupo mbele yake, na katikati, juu ya kilima cha mbali, yupo tembo aliyechorwa mdogo. Aliuliza mwindaji anataka kumchoma yupi, na yupi yuko karibu naye. Aliyejibu "tembo" alihesabiwa kuwa haoni kina katika picha. Wengi, hasa wasiopata elimu ya shule, walijibu hivyo, na wako waliotoka hapo wakaongeza maneno kuhusu akili za Waafrika.

Watafiti wa baadaye walilichunguza jambo hili kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1974 Gustav Jahoda na Harry McGurk walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa Uskoti na wa Ghana. Badala ya kuwataka watoto wajibu kwa maneno, waliwapa sanamu ndogo wazipange ubaoni kwa kufuata picha. Ilionekana kwamba hata watoto wadogo waliweza kuzingatia alama za kina. Funzo kwa mwalimu ni kubwa: jibu la mtoto hutegemea picha ilivyochorwa, na hutegemea pia namna alivyoulizwa. Kabla ya kumpima mtoto, yatupasa kwanza tulipime swali letu.

Kila picha hujibu swali lake

Tukubali sasa kwamba uchoraji wa mtazamo hujibu swali moja: "Kitu hiki chaonekanaje na mtu aliyesimama hapa?" Ni swali jema, lakini si swali pekee. Mara nyingi mtoto huchora akijibu swali jingine: "Kitu hiki kikoje?" Mfaransa Georges-Henri Luquet, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu michoro ya watoto, alieleza kwamba mtoto kwa kipindi kirefu huchora anachokijua, siyo anachokiona kutoka mahali fulani. Ndiyo maana huchora meza na miguu yake yote minne, hata ule uliofichika, na huchora chungu pamoja na maji yaliyomo ndani.

Mfano ulio karibu nasi ni ubao wa bao. Mwambie mtoto wa pwani achore watu wawili wakicheza bao. Yaelekea sana atawachora wachezaji kwa ubavu, lakini ubao wenyewe atauchora kana kwamba anautazama kutoka juu, ili mashimo yote 32 yaonekane katika safu nne za manane manane. Kwa kanuni za Florence amekosa. Lakini tujiulize: kama tungetaka kumfundisha mgeni mchezo huo, tungetumia picha ipi? Picha ya mtazamo ingeyabana mashimo ya safu za mbali, na kete zisingehesabika. Picha ya mtoto ndiyo ingefaa.

Vivyo hivyo kwa fundi seremala. Mchoro wa kabati wenye mistari inayokutana mbali hupendeza machoni, lakini fundi hawezi kupima mbao kwa mchoro huo, kwa kuwa urefu mmoja umechorwa kwa vipimo viwili. Yeye huhitaji mchoro wa mbele, wa ubavu na wa juu, kila mmoja na vipimo vyake. Ramani nayo ni vivyo hivyo. Katika ramani ya kijiji, nyumba iliyo mbali na shule haichorwi ndogo kuliko iliyo karibu.

Wachoraji wa mataifa mengine nao walichagua njia zao kwa sababu nzuri. Wachina waliochora mandhari juu ya hati ndefu za kukunjua hawakuifunga picha kwenye nukta moja, kwa kuwa mtazamaji wa hati hizo hasimami mahali pamoja. Husafiri nayo kadiri inavyokunjuliwa. Hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alipaka wanyama wake kwa rangi za baiskeli, mara nyingi juu ya uwanja wa rangi moja usio na upeo wa macho. Chui wake hayuko mbali wala karibu. Yupo tu, mzima, mbele yetu. Nani atasema kwamba picha hizo zilipungukiwa na kitu kwa kukosa nukta ya kutoweka?

Ubishi wa pande mbili

Wako walimu wasemao kwamba, ikiwa ni hivyo, basi uchoraji wa mtazamo ni wa kigeni na tuuache. Hatukubaliani nao. Picha iliyopigwa kwa kamera hufuata hesabu ile ile ya nguzo tatu, kwa sababu lenzi nayo hutazama kutoka mahali pamoja. Magazeti, vitabu na sinema vimejaa picha za namna hiyo. Kumnyima mtoto kanuni hizi ni kumwacha mgeni katika lugha ambayo atazungumzwa kwayo maisha yake yote. Tena elimu yenyewe si mali ya taifa moja. Tumekwisha kuona kwamba ilipita Basra na Kairo kabla ya kufika Florence.

Wengine husema kinyume chake: mtoto afundishwe tangu darasa la kwanza kuchora "kama inavyotakiwa", na mchoro usio na kina upigwe mkasi. Hao pia hatukubaliani nao. Mtoto anayewekewa alama ya kosa juu ya picha aliyoichora kwa ukweli wote alioujua hujifunza jambo moja tu, kwamba hajui kuchora. Akishalijua hilo, huweka kalamu chini, na wengi hawaiinui tena.

Hatari ni kubwa zaidi nje ya somo la sanaa. Katika hisabati mtoto huonyeshwa mchemraba uliochorwa ukurasani na kuulizwa una nyuso ngapi. Picha inaonyesha tatu. Huambiwa kwamba kila uso ni mraba. Naye akiweka kipimapembe juu ya uso wa ubavuni, hapati nyuzi 90. Isitoshe, mchemraba wa kitabuni mara nyingi huchorwa kwa mistari sambamba isiyokutana popote, ambayo ni mapatano mengine tena, tofauti na yale ya barabara na nguzo. Mtoto anayeshindwa hapa huandikwa kuwa ameshindwa hisabati. Huenda hakuishindwa hisabati hata kidogo. Ameshindwa kusoma picha ambayo hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Tufanyeje darasani?

Twapendekeza hatua nne, na zote hazihitaji fedha.

Kwanza, katika madarasa ya chini, mtoto achore kwa uhuru, na mwalimu amwulize habari ya picha yake badala ya kuisahihisha. Swali "Nieleze umechora nini" litamfunulia mwalimu mengi. Katika kusoma picha za kitabu, atangulize alama iliyo rahisi: kipi kimefichwa na kingine? Kitu kinachokifunika kingine ndicho kilicho mbele. Watoto na waigize picha kwa miili yao uwanjani, mmoja awe mwindaji, mwingine swala, mwingine tembo.

Pili, katika madarasa ya juu, watoto watolewe nje. Kila mmoja anyoshe mkono ulioshika kijiti, afumbe jicho moja, apime kwa kidole gumba urefu wa mwenzake aliye hatua kumi mbali, kisha aliye hatua ishirini. Wataiona nusu kwa macho yao kabla ya kuisikia kwa mwalimu. Katika uwanja tambarare waangalie pia kwamba macho ya wenzao walio na kimo sawa na chao yako kwenye mstari mmoja, aliye karibu na aliye mbali. Miguu ndiyo inayoonekana kupanda.

Tatu, pafanywe dirisha. Shule yenye kioo cha dirisha itumie kipande cha sabuni kikavu kuchora juu yake yale yaonekanayo nje, kidevu kikiwa kimeegemezwa ili kichwa kisisogee. Isiyo na kioo itengeneze fremu ya vijiti na kuifunga nyuzi za miraba, kisha mtoto achore kwenye karatasi yenye miraba ya idadi ile ile. Huku si kujidhalilisha. Albrecht Dürer, mchoraji mkuu wa Ujerumani, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1525 alionyesha mchoraji akifuatisha sura ya mtu juu ya kioo, jicho likiwa limewekwa mahali pamoja kwa kifaa maalumu.

Nne, baada ya hayo, kitu kimoja kichorwe kwa namna mbili. Dawati na lichorwe kama linavyoonekana kutoka mlangoni, kisha lichorwe kwa vipimo kwa ajili ya fundi. Watoto wajadili ni mchoro upi wafaa kwa kazi ipi. Katika kuandika andalio la somo, mwanachuo aandike wazi ni swali gani analotaka mchoro ulijibu, na atoe alama kwa swali hilo tu.

Mwalimu aliyefuata hatua hizi, akiinua tena ile picha ya barabara na nguzo, hataanza kwa kuuliza kipi kiko mbali. Atauliza: "Aliyechora picha hii alisimama wapi?" Swali hilo humwalika mtoto aende akasimame mahali hapo kwa mawazo, na akishasimama hapo, barabara itafunguka mbele yake. Atakuwa amejifunza pia kwamba kila picha imetazamwa na mtu fulani kutoka mahali fulani, na kwamba yeye naye ana mahali pake pa kutazamia. Mtoto mwenye ujuzi huo hatadanganywa kwa wepesi na picha yoyote.